Shule, Soya na Sufuria: Swali la Chakula kutoka Suam hadi Bungoma

Mwanafunzi wa shule ya bweni katika Trans Nzoia au Bungoma anaweza kula mahindi mara tatu kwa siku moja: uji asubuhi, githeri mchana, ugali jioni. Nje ya ua wa shule yake kuna mahindi. Likizo ikifika anarudi nyumbani kupalilia mahindi, na karo yake huenda ikatoka kwenye magunia yaliyouzwa kwa madalali au kupelekwa katika maghala ya NCPB, bodi ya taifa ya nafaka na mazao. Kutoka mpaka wa Suam chini ya Mlima Elgon, kupitia Endebess na Kitale hadi uwanda wa Bungoma, zao moja limebeba chakula, pesa na hadhi ya mkulima.

Katika ukanda huo, soya imekuwa ikipigiwa debe kwa zaidi ya miaka 20. Watafiti wanaisifia kurutubisha udongo, wataalamu wa lishe wanaisifia protini, wafugaji wanatafuta mashudu yake, na walimu wa kilimo wanaipenda kwa kuwa hukomaa upesi. Sifa hizo zote zina msingi. Lakini kila sifa ina masharti yake, na masharti hayo ndiyo ambayo mara nyingi hayafiki darasani. Mwanafunzi huambiwa soya ni nzuri. Haambiwi ni nzuri wapi, ikilimwaje, na ikipikwa vipi.

Hoja ya makala haya ni kwamba soya inafaa sana kufundishia chakula endelevu katika eneo hili, kwa sababu karibu kila dai linalotolewa juu yake mwanafunzi anaweza kulipima mwenyewe, kwa jembe, mizani na kalamu. Ili alipime, shule haina budi kuwa mambo matatu kwa pamoja: maabara, jiko na mteja. Ikiwa na shamba tu, bila sufuria na bila daftari la ununuzi, somo litakatikia njiani.

Mahindi yalivyotawala

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, wakati ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imeshatwaliwa na walowezi wa Kizungu, na mahindi yakawa zao la biashara. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964 kazi ya utafiti ya Kitale ilizaa H611, mojawapo ya mbegu chotara za kwanza za mahindi kuwafikia wakulima wadogo barani Afrika. Baada ya uhuru sehemu kubwa ya mashamba ya walowezi iligawanywa, na mengine yakawekwa chini ya shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965. Mbegu, mbolea, maghala, matrekta na siasa za bei vyote vikajipanga kuyahudumia mahindi.

Kazi hiyo si ya kubezwa. Mkulima hodari wa Trans Nzoia huvuna zaidi ya magunia 20 ya kilo 90 kwa ekari, na miji ya Kenya imeishi kwa jasho lake. Gharama ya mafanikio hayo ilikuja polepole. Mashamba yamekatwakatwa kwa urithi, na vipande vidogo vikapandwa mahindi mwaka nenda mwaka rudi. Asidi ya udongo imepanda katika sehemu nyingi, na matumizi ya muda mrefu ya mbolea ya DAP yamechangia. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa virusi unaokausha mahindi, MLN, ulitambuliwa Bomet, kisha ukaenea katika maeneo mengine yanayolima mahindi. Mwaka 2017 viwavi jeshi vamizi kutoka Amerika vikaingia magharibi mwa Kenya. Mwenye zao moja, likipatwa na janga, hana pa kuegemea.

Watu wa eneo hili hawakungoja kuambiwa. Manor House, chuo cha kilimo karibu na Kitale kilichoanza mwaka 1984, kimefundisha kulima kwa mboji na matuta yaliyochimbwa kwa kina kirefu. Huko Bungoma, shirika la SACRED Africa lilieneza mtindo wa kilimo mseto ulioitwa MBILI, yaani mistari miwili ya mahindi ikifuatwa na mistari miwili ya mikunde, ili mikunde ipate mwanga wa kutosha badala ya kufunikwa na kivuli cha mahindi. One Acre Fund, ambalo leo linahudumia wakulima katika nchi kadhaa za Afrika, lilianzia Bungoma mwaka 2006. Mwanafunzi wa hapa, basi, amezungukwa na majaribio ya miongo mingi. Kinachokosekana ni kumwingiza katika mjadala huo kama mtu anayeweza kupima na kuhukumu.

Soya na udongo

Sifa ya kwanza ya soya iko chini ya ardhi. Kwenye mizizi yake hukua vinundu vyenye bakteria wa jamii ya *Bradyrhizobium*, ambao huchukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa malipo, mmea huwapa bakteria sukari. Uhusiano huu unafundishwa katika vitabu vya biolojia kwa mchoro. Shambani hauhitaji mchoro: ng'oa mche mmoja wakati wa kutoa maua, pasua kinundu kwa ukucha, utazame rangi. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, mmea unakula akiba ya udongo kama mahindi yanavyofanya.

Hapo ndipo sharti la kwanza linapoonekana. Bakteria wanaoipenda soya hawako katika kila udongo, kwa maana soya ni mmea wa asili ya China, na udongo wa Elgon haukuzoeana nao. Suluhisho limekuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mbegu zisizochagua bakteria, zilizozalishwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki yenye makao yake Ibadan, Nigeria. Mojawapo ni TGx 1740-2F, ambayo wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaijua kwa jina la SB19. Njia ya pili ni kuzipaka mbegu bakteria kabla ya kupanda. Dawa hiyo huuzwa Kenya kwa jina la Biofix, zao la utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi lililoingizwa sokoni na kampuni ya MEA ya Nakuru. Kwa kuwa bakteria hao ni viumbe hai, jua huwaua. Mbegu hupakwa kivulini na kupandwa siku hiyohiyo. Mwanafunzi akiacha mbegu zake juani saa mbili huku wenzake wakipanda upesi, tofauti ya mizizi itamfundisha zaidi ya aya nzima ya kitabu.

Sharti la pili ni udongo wenyewe. Soya haipendi asidi kali wala uhaba wa fosforasi. Katika sehemu za Trans Nzoia zenye kipimo cha pH chini ya 5.5, soya iliyopandwa bila chokaa hudumaa, na mkulima huondoka akiamini zao hilo ni la uongo. Chokaa ya kilimo huchimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu, kwa hiyo si bidhaa ya ng'ambo. Lakini nani anayempimia mkulima mdogo udongo wake? Klabu ya kilimo ya shule, ikiwa na kifaa rahisi cha kupima pH, inaweza kuwapimia wazazi mashamba ya kijiji kizima na kuweka kumbukumbu ya mwaka hadi mwaka.

Sharti la tatu husahaulika kuliko yote, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ekari moja imetoa kilo 400 za soya. Punje za soya zina protini ya takriban asilimia 37, na karibu moja ya sita ya protini ni nitrojeni. Kwa hiyo gunia baada ya gunia, kilo 24 hivi za nitrojeni zimeondoka shambani. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una nitrojeni ya kilo 13 hivi. Mkulima ameuza nitrojeni inayokaribia ile ya mifuko miwili ya CAN. Kama vinundu vilifanya kazi, sehemu kubwa yake imetoka hewani bila malipo. Kama havikufanya kazi, imetoka kwenye udongo, na msimu ujao mahindi yatalipa deni hilo. Tena, mkulima aking'oa mimea na mizizi yake, akaipura nyumbani na kuchoma makapi, anapunguza hata kile kidogo ambacho kingebaki. Kukata shina kwa panga juu ya udongo na kurudisha majani na makapi shambani ni kazi ndogo yenye faida kubwa.

Kwa hiyo kauli kwamba soya hurutubisha udongo ni ya kweli kwa nusu. Nusu nyingine iko mikononi mwa mvunaji. Mwanafunzi akilielewa hili, ameelewa maana ya neno "endelevu" kuliko aliyekariri fasili yake.

Kuna faida nyingine inayobadilika kadiri unavyoteremka kutoka mlimani. Sehemu za chini za Bungoma, kuelekea Busia, zina kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja harufu ya mizizi ya nafaka. Mizizi ya baadhi ya aina za soya hutoa kichocheo kinachoziamsha, lakini kiduha hakiwezi kujishikiza kwenye soya, kwa hiyo kikiota kinakufa. Mwanafunzi wa Suam, kwenye baridi ya mlimani, huenda asikione kiduha kamwe. Tatizo lake ni asidi na mmomonyoko wa miteremko inayopeleka udongo kwenye Mto Suam hadi Turkwel na Ziwa Turkana. Somo moja lililoandikwa Nairobi haliwezi kuwatosha wote wawili. Mwalimu anahitaji uhuru wa kuanza na tatizo la shamba lililo mbele yake.

Hesabu za chakula

Tuingie jikoni kwa hesabu nyingine. Ekari ya mahindi ya Trans Nzoia ikitoa magunia 20, hizo ni kilo 1,800. Mahindi yana protini ya asilimia 9 hivi, kwa hiyo shamba limetoa kilo 162 za protini. Ekari ya soya yenye mavuno hafifu, kilo 400 tu, imetoa kilo 148. Ikitunzwa na kufikia kilo 800, hutoa karibu kilo 300. Kwa protini, soya dhaifu inakaribiana na mahindi bora, na soya nzuri inayapita mbali.

Kwa nishati mambo yanageuka. Kilo 1,800 za mahindi zina nishati mara tatu na zaidi ya kilo 400 za soya. Familia yenye ekari moja ikiacha mahindi kabisa ili ilime soya italala njaa, hata kama protini itakuwa tele. Hivyo swali la kuuliza ni kiasi gani cha shamba kipewe mikunde, na kwa mpangilio gani: mistari ya MBILI, au zamu ya misimu. Bungoma yenye misimu miwili ya mvua inaweza kupanda mahindi kwanza na soya baadaye. Huko Kitale na Suam, ambako mvua ni msimu mmoja mrefu na mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi sita hadi minane, zamu hiyo haiwezekani kirahisi, na kilimo mseto ndicho chenye nafasi zaidi.

Ubora wa protini nao una maana. Mahindi yamepungukiwa na laisini, asidi ya amino ambayo mwili wa mtoto unaihitaji ili ukue na ambayo hauwezi kuitengeneza. Soya ina laisini ya kutosha, lakini imepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikichanganywa, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Unga wa uji wenye robo tatu za mahindi na robo moja ya soya una protini ya asilimia 16 hivi badala ya 9. Katika Kaunti ya Pokot Magharibi, inayopakana na Trans Nzoia, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, dhidi ya wastani wa taifa wa asilimia 18. Kudumaa kuna sababu nyingi, zikiwemo maji machafu, maradhi na umaskini, na uji pekee hauwezi kuziondoa. Lakini bakuli lenye laisini ni mojawapo ya mambo yaliyo ndani ya uwezo wa jiko la shule.

Jiko lina masharti yake pia. Soya mbichi ina vizuizi vinavyoukwamisha mwili kusaga protini, na moto ndio njia kuu ya kuviondoa. Kusaga soya mbichi na kuichanganya na unga wa uji unaochemshwa dakika chache ni kosa linalofanyika kwa nia njema. Njia salama ni kuchemsha punje kwa karibu nusu saa, kuzimenya maganda, kuzianika, kuzikaanga, kisha kuzipeleka kwa posho mill. Ukizipika kama maharagwe kwenye githeri, huchukua muda mrefu kulainika na kumaliza kuni. Na wengi wanalalamikia harufu yake ya mbichimbichi, ambayo hupungua kwa kuzitia punje moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Mpishi wa shule anayejua haya ni mwalimu wa kilimo endelevu sawa na yule mwenye chaki, na anastahili kuitwa darasani aeleze.

Soya pia haina haki ya kuvifuta vyakula vilivyokuwako. Ukanda huu una kunde, njugumawe, simsim, wimbi, mrenda na managu. Kunde huliwa majani na punje. Njugumawe huvumilia udongo maskini. Mwanafunzi alinganishe. Katika shamba fulani huenda akagundua kuwa kunde inashinda soya, na jibu hilo lipokelewe kwa furaha ileile.

Soko la karibu na dunia ya mbali

Kenya huzalisha soya kidogo sana kuliko inavyoitumia. Pengo hujazwa kwa kuagiza kutoka Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia na kwingineko, na sehemu kubwa huishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Kuku wa mayai wa Kiminini na ng'ombe wa maziwa wa Endebess hula mashudu ya soya iliyosafiri mamia ya kilomita, huku udongo wa jirani ukingoja zao la mikunde.

Kwa nini basi mkulima wa hapa halimi? Kwa sababu amewahi kuahidiwa soko asilione. Mahindi hayamtupi: yasiponunuliwa, yataliwa. Soya isiponunuliwa hukaa gunini, kwa kuwa wengi hawajui kuipika. Elimu ya jiko na soko hapa zinashikana: familia inayojua kuila soya ina nguvu mbele ya dalali, maana inaweza kukataa bei mbaya. Na kwa mkulima wa Bungoma aliyezoea miwa, inayongoja takriban miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa, zao la miezi minne ni njia ya kupata pesa kabla karo haijadaiwa.

Mpaka wa Suam unaongeza somo lingine. Kutu ya soya, ugonjwa wa ukungu unaopukutisha majani, ilipoishambulia Uganda mwaka 1996, watafiti wa nchi hiyo waliitikia kwa kuzalisha mbegu zinazostahimili, zikiwemo Maksoy za Chuo Kikuu cha Makerere, na Maksoy 3N ikaenea sana. Vijidudu vya kutu hupeperushwa na upepo, havisimami forodhani. Shule za pande mbili za mlima zina tatizo moja, na zingeweza kulinganisha vipimo vyao, Kapchorwa na Endebess, bila gharama ila simu na daftari.

Mbali zaidi, Brazil, Marekani na Argentina hutoa takriban asilimia 80 ya soya yote ya dunia, na karibu robo tatu ya soya hiyo huliwa na mifugo. Nchini Brazil upanuzi wa mashamba uliharibu misitu ya Amazon na uwanda wa Cerrado, hadi mwaka 2006 wafanyabiashara wakubwa wakakubaliana kutonunua soya ya mashamba mapya yaliyokatwa Amazon. Punje ileile, basi, inaweza kuwa rafiki wa udongo Bungoma na adui wa msitu Amerika Kusini. Uendelevu haumo ndani ya mbegu. Umo katika namna ya kulima, kuuza na kula.

Shule ifanye nini

Kilimo kimefundishwa katika shule za Kenya tangu zamani. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, vikafifia, na mwaka 2021 vikazinduliwa upya. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliweka kilimo kwenye mitihani, na watahiniwa wa somo hilo katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hufanya mradi wa shambani wenye alama. Mtaala wa umilisi umekwenda mbele zaidi kwa kuunganisha kilimo na lishe katika somo moja. Hiyo ni nafasi ambayo walimu wa zamani hawakuwa nayo: sufuria na jembe sasa viko ndani ya silabasi moja.

Kikwazo kikubwa hakimo kwenye silabasi. Kwa vizazi kadhaa shamba la shule limetumika kama mahali pa adhabu. Aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alipalilia. Viboko vilipopigwa marufuku mwaka 2001, jembe lilizidi kuwa fimbo mbadala. Mtoto aliyelima kwa kosa atamaliza shule akiamini kilimo ni hukumu ya walioshindwa, na hakuna mtaala utakaomtoa imani hiyo. Shule inayotaka kufundisha chakula endelevu ianze kwa uamuzi mmoja usio na gharama: kuanzia leo hakuna mwanafunzi atakayepelekwa shambani kama adhabu.

Baada ya hapo, shamba liwe maabara. Vipande vinne vyenye ukubwa sawa vinatosha: mahindi pekee, soya bila Biofix, soya yenye Biofix, na mahindi na soya kwa mistari ya MBILI. Vikirudiwa mara tatu katika sehemu tofauti za shamba, mwanafunzi atajua kuwa tofauti aliyoiona haikutokana na kichuguu kilichokuwa pembeni. Ahesabu vinundu, apime urefu, apime mavuno, na msimu wa pili apande mahindi kwenye vipande vyote aone kilichobaki udongoni. Bila msimu wa pili jaribio halijakamilika, kwani dai la kurutubisha udongo linahusu zao linalofuata.

Kalenda izingatiwe. Katika joto la Bungoma, SB19 hukomaa kwa siku 100 hadi 120. Ikipandwa mwishoni mwa Machi kabla ya likizo ya Aprili, huwa tayari Julai, wanafunzi wakiwa bado shuleni. Katika baridi ya Suam huchelewa na kuangukia likizo ya Agosti, na maganda yaliyokauka kupita kiasi hupasuka na kumwaga punje. Huko mpango wa uvunaji ufanywe na wanafunzi wanaoishi karibu pamoja na wazazi, na sehemu ya mavuno iwe yao.

Jiko lije pili, na hapa hesabu inatuonya. Shule yenye wanafunzi 400 ikimpa kila mmoja gramu 25 za soya kwa siku, inahitaji kilo 10 kila siku, na kwa siku 190 za masomo ni kilo 1,900. Hizo ni karibu ekari tano za mavuno hafifu, au zaidi kidogo ya ekari mbili za mavuno mazuri. Shule nyingi hazina ardhi hiyo, na zenye nayo zisiwageuze watoto vibarua ili kuijaza ghala. Shamba la shule halijengwi kwa ajili ya kulisha shule.

Kwa hiyo shule iwe mteja. Kilo 1,900 ni soko la uhakika kwa wakulima wanane hadi kumi, kila mmoja akiwa na nusu ekari. Wazo hili lina mizizi: mwaka 2009 Kenya ilianza mpango wa kulisha wanafunzi kwa chakula kinachonunuliwa karibu na shule, badala ya kutegemea shehena za msaada pekee, na mwaka 2018 serikali ikachukua usukani wote kutoka kwa Shirika la Chakula Duniani. Bodi ya shule inaweza kutangaza Februari, kabla ya mvua, kwamba itanunua kiasi fulani kwa bei fulani. Wanafunzi wapime unyevu na uzito wakati wa kupokea, waandike risiti, na walinganishe gharama na ya maharagwe. Mzazi anayelipwa kwa soya aliyoiuzia shule ya mwanawe hahitaji kuhubiriwa.

Kuna wanaosema shule zimeelemewa: vyumba havitoshi, walimu wa kilimo ni wachache, na fedha za serikali huchelewa. Ni kweli, na ndiyo maana mpango ulioelezwa hapa unaanza na vipande vya mita chache na robo ya bakuli. Wengine wanahofia kuwa wazazi waliowapeleka watoto shule ili wakwepe jembe watakataa. Wazazi hao wana haki ya kudai masomo yenye thamani. Mtoto anayeweza kueleza kwa takwimu kwa nini mahindi ya shamba la babake yamepungua, na akaonyesha kipande kilichopata nafuu, amepata elimu ya sayansi, hesabu na biashara kwa pamoja.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya ekari za soya zilizopandwa wala picha za maonyesho ya kilimo ya Kitale. Tumuulize mwanafunzi anayemaliza shule mambo manne: nitrojeni ya shamba lenu imetoka wapi msimu huu na imekwenda wapi, bakuli lako la asubuhi limepungukiwa na nini, nani amelipwa kwa chakula ulichokula, na je, ungepewa nusu ekari Endebess au Chwele ya Bungoma, ungepanda nini na kwa sababu gani? Akijibu kwamba hatapanda soya, na akaonyesha vipimo vyake, somo limefaulu. Eneo linalolisha taifa linahitaji kizazi kinachoweza kubishana na udongo wake, mbegu zake na bei zake kwa ushahidi, na kizazi hicho kiko darasani sasa hivi.